Farasi 15 na Farasi 1,064: Somo la Uwezo wa Injini

Tongoni ni kijiji cha wavuvi kilichoko kilomita zipatazo 17 kusini ya mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Katika vitabu vya historia kijiji hiki hutajwa kwa sababu ya magofu ya msikiti wake wa kale na makaburi yake yapatayo arobaini, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Hutajwa pia kwa sababu ya mafungu na miamba iliyo mbele yake. Mwezi Aprili 1498 meli mojawapo ya Vasco da Gama, iliyoitwa São Rafael, ilipanda fungu katika eneo hilo, ambalo zamani lilijulikana kwa jina la Mtang'ata. Ilinasuka, ikaendelea na safari. Lakini mwezi Januari 1499, wakati wa kurudi kutoka Bara Hindi, Wareno waliiteketeza kwa moto katika bahari hiyohiyo. Haikuwa mbovu kupita kiasi. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliosalia hawakutosha kuviendesha vyombo vitatu. Chombo kizima kilichomwa kwa kukosa mikono ya kuvuta kamba.

Siku hizi mikono ya kuvuta kamba na upepo wa kusi na kaskazi vimepata msaidizi. Ngalawa na mashua za tanga zingaliko katika pwani yote ya Tanga, lakini wavuvi waliojaliwa kupata fedha hufunga mashine ya petroli nyuma ya chombo. Juu ya kifuniko cha mashine hiyo pamebandikwa namba: 9.9, 15, 25, 40. Namba hiyo ndiyo hutajwa kwanza mashine inapouzwa, na ndiyo huamua bei. Kwa upande mwingine, wanafunzi wetu wa sekondari huona katika simu zao picha za gari la michezo la Kimarekani, yaani gari dogo la watu wawili lililoundwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, na chini ya picha huandikwa namba ya aina ileile: 495, 670, 1,064. Makala haya yanakusudia kueleza namba hizo zina maana gani, zinapatikanaje, na ni wakati gani humdanganya mnunuzi. Jambo hili si la kupitisha wakati tu. Kikundi cha vijana kinachokopa fedha ili kununua mashine kinaweza kulipa deni kwa miaka kwa ajili ya namba ambayo chombo chao hakina njia ya kuitumia.

Kwanza tutenganishe maneno. Katika mazungumzo ya kawaida neno "nguvu" hubeba mizigo mingi. Katika fizikia tunayo kani, ambayo husukuma au kuvuta. Tunayo kazi, ambayo hufanyika kani inaposogeza kitu. Na tunao uwezo, yaani kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde. Namba iliyobandikwa kwenye mashine ni ya uwezo. Kipimo chake ni "nguvu ya farasi", na asili yake ni James Watt, fundi wa Uskochi wa karne ya 18. Watt alitaka kuuza mashine zake za mvuke kwa watu waliokuwa wakitumia farasi viwandani na migodini, kwa hiyo alihitaji kuwaambia kila mashine ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Alikadiria kwamba farasi mmoja huweza kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vya leo hesabu hiyo ni wati 746. Mwanafunzi anayetaka kuipata picha yake na afikirie mtu mzima wa kilo 76 akivutwa kutoka kisimani kwa kamba, akipanda mita moja kwa kila sekunde bila kusimama. Huo ndio uwezo wa farasi mmoja.

Basi mashine ya farasi 15 hutoa kilowati 11.2. Gari la farasi 1,064 hutoa kilowati 794. Kwa kulinganisha, kituo cha umeme cha Hale kwenye mto Pangani, kilichoanza kazi mwaka 1964, kiliundwa na mitambo miwili ya megawati 10.5 kila mmoja. Magari kumi na matatu ya aina hiyo, yote yakikanyagwa mafuta hadi mwisho, yangekaribia kulingana na mtambo mmoja wa Hale. Tofauti ni kwamba mtambo wa Hale umeundwa kufanya kazi hiyo usiku na mchana, na gari hulifanya jambo hilo kwa sekunde chache tu kabla dereva hajalazimika kushika breki.

Gari tulichukulialo kuwa mfano ni Chevrolet Corvette. Lilianza kutengenezwa mwaka 1953 likiwa na injini ya silinda sita yenye farasi 150. Kizazi chake cha nane kilianza na magari ya mwaka 2020, na katika kizazi hicho injini ilihamishwa kutoka mbele ya dereva hadi nyuma ya kiti chake, ili uzito ulalie magurudumu yanayosukuma gari. Kinachotufaa sisi ni kwamba gari hilohilo moja limetolewa na mipango kadhaa ya injini, na kila mpango ni jibu tofauti la swali lilelile: uwezo zaidi utoke wapi?

Kabla ya kujibu inafaa kukumbuka kanuni moja. Injini huzungusha shafti yake kuu, ambayo mafundi huiita krenki. Msukumo wa kuzungusha huitwa momenti, nao hupimwa kwa nyutonimita. Uwezo ni momenti mara mwendo wa mzunguko. Ukitaka wati, zidisha nyutonimita kwa redio kwa sekunde; na ukipewa mizunguko kwa dakika, zidisha kwa 0.1047 ili upate redio kwa sekunde. Hivyo ziko njia mbili tu za kuongeza uwezo: kuzungusha kwa msukumo mkubwa zaidi, au kuzungusha haraka zaidi. Hakuna njia ya tatu.

Mpango wa kwanza, katika gari liitwalo Stingray, ni injini ya lita 6.2 yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Kipenyo cha silinda ni milimita 103.25 na pistoni husafiri milimita 92. Mwanafunzi akikokotoa mjao wa silinda moja na kuzidisha kwa nane atapata sentimita za ujazo 6,162. Injini hii ni ya mtindo wa zamani kwa namna ya kupendeza. Kamshafti ni moja tu, imelala ndani ya bloku, na husukuma vali kwa kupitia vijiti virefu vya chuma. Kila silinda ina vali mbili. Fundi yeyote aliyefungua injini ya lori la miaka ya sitini angeitambua mara moja. Momenti yake kubwa kabisa ni nyutonimita 637, kwenye mizunguko 5,150 kwa dakika, na uwezo wake mkubwa ni farasi 495, kwenye mizunguko 6,450, iwapo mnunuzi amechagua ekzosi ya gharama zaidi.

Hapa mwalimu anayo nafasi nzuri ya kuuliza darasa: kwa nini momenti kubwa na uwezo mkubwa havipatikani mahali pamoja? Hebu tukokotoe. Kwenye mizunguko 5,150, nyutonimita 637 hutoa kilowati 343, yaani farasi 460. Kwenye mizunguko 6,450 farasi ni 495, yaani kilowati 369. Ukigawanya kwa mwendo wa mzunguko utapata momenti ya nyutonimita 547 tu. Msukumo umepungua kwa sababu silinda hazipati muda wa kujaa hewa, lakini mzunguko umeongezeka zaidi ya upungufu huo, na kwa hiyo uwezo umepanda. Ukizidi kuongeza mizunguko, upungufu hushinda, na uwezo nao huanza kushuka.

Mpango wa pili uko katika gari liitwalo Z06, lililotoka na magari ya mwaka 2023. Hapa injini ni ndogo zaidi, lita 5.5, wala haina kifaa chochote cha kusukuma hewa ndani. Hata hivyo hutoa farasi 670 kwenye mizunguko 8,400. Ukifanya hesabu ileile utaona kwamba kwenye kilele hicho momenti yake ni nyutonimita 568. Linganisha na 547 za injini ya kwanza: zimezidi kwa sehemu nne tu katika mia. Karibu nyongeza yote ya uwezo imetokana na kuzunguka haraka.

Lakini kuzunguka haraka kuna bei yake. Katika kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka, ikisimama kabisa mara mbili. Kwenye injini ya kwanza wastani wa mwendo wa pistoni ni mita 19.8 kwa sekunde. Kama injini hiyo ingelazimishwa kufika mizunguko 8,400, wastani ungekuwa mita 25.8 kwa sekunde, na kani ya kuisimamisha pistoni na kuirudisha, ambayo hukua kwa mraba wa mizunguko, ingekuwa kubwa mno kwa vyuma vya kawaida. Kwa sababu hiyo waundaji wa Z06 walipunguza safari ya pistoni hadi milimita 80, wakaongeza kipenyo kidogo kuwa milimita 104.25, na wastani ukabaki mita 22.4 kwa sekunde. Vijiti virefu vya kusukuma vali navyo viliondolewa. Kijiti, pamoja na springi yake, ni tungamo linalopaswa kwenda na kurudi maelfu ya mara kwa dakika. Likizidiwa, vali huchelewa kufunga na inaweza kugongana na pistoni. Mahali pake ziliwekwa kamshafti nne juu ya vichwa vya injini, na vali nne kwa kila silinda ili hewa ipate milango mipana zaidi. Kwa maoni yangu hii ndiyo injini ya kufundishia kuliko zote, kwa kuwa kila badiliko lililofanywa linaweza kuelezwa kwa kanuni za kidato cha tatu na cha nne.

Mpango wa tatu hauhitaji mizunguko mingi hivyo. Katika ZR1, iliyotoka na magari ya mwaka 2025, injini ya lita 5.5 ya jamii ya ile ya Z06 imeongezewa tabochaja mbili. Tabochaja ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda, ambao bado una joto na mwendo, huzungusha feni ya kwanza. Feni ya pili huvuta hewa ya nje na kuibana ndani ya injini. Uwezo hufika farasi 1,064 kwenye mizunguko 7,000. Kokotoa momenti mahali hapo: nyutonimita 1,083, karibu mara mbili ya ile ya Z06. Maana yake ni kwamba katika kila pigo silinda hupokea hewa na petroli inayokaribia maradufu, ingawa mjao wake haukubadilika.

Yeyote aliyejaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba hewa inayobanwa hupata joto. Pampu huwaka mkononi. Hewa ya tabochaja hupata joto vivyo hivyo, na isipopozwa, mchanganyiko wa petroli unaweza kulipuka wenyewe kabla ya kufikiwa na moto ulioanzishwa na cheche ya plagi. Mafundi husema injini "inagonga", na mgongo huo huvunja pistoni. Kwa hiyo hewa hupozwa kwanza katika rejeta maalumu. Aidha, uwiano wa mgandamizo, ambao katika Z06 ni 12.5 kwa 1, umeshushwa hadi 9.8 kwa 1. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaosoma thamodinamikia wanaweza kutumia kanuni ya duru ya Otto wakaona hasara yake: ufanisi wa kinadharia hushuka kutoka asilimia 64 hadi asilimia 60. Injini halisi haifikii viwango hivyo hata kidogo, lakini mwelekeo ni uleule. Uwezo umenunuliwa kwa sehemu ya ufanisi.

Mpango wa nne ni wa E-Ray, uliotoka na magari ya mwaka 2024. Hapa injini ya kwanza ya lita 6.2 imeachwa kama ilivyo, ikisukuma magurudumu ya nyuma, na mota ya umeme ya farasi 160 imewekwa mbele kusukuma magurudumu ya mbele. Jumla ni farasi 655. Mota ya umeme ina sifa ambayo injini ya petroli haina: hutoa momenti kubwa tangu ikiwa imesimama. Lakini tazama betri yake, ambayo ni ya kilowati-saa 1.9. Mota ya kilowati 119 ingeimaliza betri hiyo kwa muda wa dakika moja hivi. Nishati yote iliyomo humo haizidi sana moja ya tano ya ile iliyomo katika lita moja ya petroli. Ni wazi kwamba betri hiyo haikukusudiwa kuendesha safari. Hupokea nishati gari linaposhika breki na kuirudisha linapoondoka. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza gari lingine, ZR1X, linalounganisha mota ya mbele na injini yenye tabochaja, jumla farasi 1,250.

Sasa tuulize gari hupata nini kwa farasi wote hao. Stingray ya kawaida huweza kufika kilomita 312 kwa saa. Mwezi Oktoba 2024 ZR1 ilipimwa katika barabara ya majaribio huko Papenburg, Ujerumani, ikafika kilomita 375 kwa saa. Uwezo umekuwa zaidi ya maradufu. Mwendo umeongezeka kwa moja ya tano. Mwanafunzi asishangae. Kani ya upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na kwa kuwa uwezo ni kani mara mwendo, uwezo unaohitajika hukua kwa mchemraba wa mwendo. Ili kuongeza mwendo maradufu ungehitaji uwezo mara nane. Kwa hakika kanuni hii peke yake ingetabiri kwamba ZR1 ifike karibu kilomita 400. Haikufika, kwa sababu mabawa yake ya kuigandamiza barabarani na rejeta zake kubwa huongeza upinzani.

Afrika ya Mashariki imewahi kulitazama jambo hili kwa macho yake. Katika mashindano ya Safari ya Pasaka ya mwaka 1964, mwezi mmoja kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kampuni ya Ford ilileta kutoka Marekani magari ya Mercury Comet yenye injini za silinda nane zenye mjao wa lita 4.7. Yalikuwa na uwezo mkubwa kuliko karibu kila gari jingine lililoshindana. Mawili tu ndiyo yaliyomaliza, tena nyuma sana. Washindi walikuwa Peter Hughes na Bill Young, ndani ya Ford Cortina GT, gari lenye silinda nne na mjao wa lita moja na nusu. Katika tope na mashimo, gari haliendi kwa uwezo wa injini bali kwa kani ambayo matairi yanaweza kuipata kutoka ardhini, na kwa vyuma visivyovunjika. Farasi ambao tairi haliwezi kuwapeleka ardhini huishia kurusha matope.

Turudi baharini, maana huko kanuni ni kali zaidi kuliko barabarani. Chombo kinapokwenda, omo husukuma maji na kufanya wimbi. Katika maji ya kina, wimbi refu huenda haraka kuliko wimbi fupi, na uhusiano wake ni kwamba mraba wa mwendo ni sawa na *g* mara urefu wa wimbi, gawanya kwa 2π. Chombo hakiwezi kulitoroka wimbi kilichojifanyia. Mwendo wao ni mmoja. Kadiri mashine inavyokazwa ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, hadi urefu wake unalingana na urefu wa chombo majini. Hapo omo iko juu ya kilima kimoja na tezi iko juu ya kilima kinachofuata; mwendo ukizidi hapo, tezi hudidimia kwenye bonde, na chombo huwa kinapanda mlima ambao hakiumalizi. Kwa mita kwa sekunde, mpaka huo ni takriban 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwa mita. Mashua yenye mita 7 majini hufikia mpaka kwenye mita 3.3 kwa sekunde, yaani kilomita 12 kwa saa.

Kwa mashua nzito ya namna hiyo, yenye tani mbili pamoja na watu, nyavu na barafu, farasi saba au wanane kwenye shafti hutosha kuikaribisha kwenye mpaka. Ukiifungia mashine ya farasi 40, tezi itazama zaidi, mawimbi yatakuwa marefu zaidi, petroli itakwisha upesi, na mwendo utaongezeka kidogo tu. Kanuni hii haivihusu vyombo vyote kwa namna moja. Boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa inaweza kulipanda wimbi lake na kuteleza juu ya maji, na hapo mashine kubwa ina kazi ya kufanya. Ngalawa nayo, kwa wembamba wa mwili wake, hufanya mawimbi madogo na huuvuka mpaka bila taabu kubwa, ila matengo yake yana upinzani wao. Mnunuzi inampasa kulijua tumbo la chombo chake kabla hajaitazama namba ya mashine.

Liko suala jingine, la mafuta. Mashine nyingi ndogo za kupachika zilizozoeleka katika pwani yetu ni za mapigo mawili. Katika injini ya aina hiyo yenye kabureta, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli huingia katika silinda wakati tundu la moshi lingali wazi, na sehemu yake, ambayo inaweza kufika robo au zaidi, hutoka nje bila kuwaka. Pamoja nayo hutoka oili, kwa kuwa oili huchanganywa na petroli. Yote hayo huishia baharini, na pwani ya Tongoni imo katika ukanda wa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009.

Tuchukue kwamba mashine ya farasi 15 ya mapigo mawili, ikikazwa hadi mwisho, hutumia lita 6.5 kwa saa. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 33 hivi. Kwa hiyo nishati huingia kwa kiwango cha kilowati 60, na kwenye shafti hutoka kilowati 11.2. Ufanisi ni asilimia 19. Rafadha nayo hupoteza karibu nusu ya kile inachopewa. Matokeo yake ni kwamba katika kila lita kumi zilizonunuliwa, chini ya lita moja ndiyo inayokisukuma chombo mbele. Injini ya mapigo manne hupunguza hasara hii, na injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya mashua, yenye rafadha pana inayozunguka taratibu, huipunguza zaidi. Hata hivyo nisieleweke kwamba wavuvi wanaochagua mapigo mawili hawajui hesabu. Mashine hiyo ni nyepesi, watu wawili huibeba begani hadi nyumbani, haina vali za kurekebisha, na hutengenezwa na fundi wa kijijini kwa spana chache. Hizo ni sababu za kweli, nazo zinapaswa kuingia katika hesabu pamoja na bei ya petroli.

Faida iliyo rahisi kupatikana haihitaji mashine mpya. Tuseme mahali pa kuvulia pako kilomita 18 kutoka ufukoni. Kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde safari ni ya saa moja na dakika 40. Kwa mita 2.5 kwa sekunde ni ya saa mbili kamili. Kwa kanuni ya mchemraba, uwezo unaohitajika umeshuka hadi asilimia 58, na kwa kuwa muda umeongezeka kwa moja ya tano, petroli ya safari nzima imekuwa asilimia 69 ya ile ya kwanza. Dakika ishirini zimeokoa karibu theluthi moja ya petroli. Injini isiyokazwa sana hupoteza ufanisi kidogo, jambo linalopunguza faida hiyo. Lakini karibu na mpaka wa wimbi upinzani hukua haraka kuliko mraba, jambo linaloiongeza. Bila shaka kuna siku ambazo dakika ishirini zina thamani kuliko petroli: samaki wakiwa wengi na barafu imekwisha, au wingu jeusi la kusi linapoonekana. Kwa sababu hiyo nahodha mwenye busara hununua mashine yenye akiba ya uwezo, kisha haitumii akiba hiyo kila siku.

Shule zilizo karibu na bahari zinaweza kulipima jambo hili kwa saa ya mkononi na chupa ya lita moja yenye alama za mililita, kwa ruhusa ya mwenye chombo, kila mwanafunzi akiwa amevaa jaketi la kuokolea, nahodha akishika usukani na mtu mzima akishughulikia petroli mbali na moto wowote. Chagueni alama mbili za pwani ambazo umbali wake unajulikana, tuseme mita 1,000, na mwende kwa mkazo uleule wa mashine kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, kisha mrudi, mkipima muda na petroli ya kila mkondo wa safari. Rudieni kwa mikazo mitatu au minne. Lazima mwende na kurudi kwa sababu maji yenyewe yanasogea. Kama kwenda kumechukua sekunde 300 na kurudi sekunde 400, mwendo ulikuwa mita 3.33 na mita 2.50 kwa sekunde. Jumlisheni mwendo huo miwili na kugawa kwa mbili, mpate mita 2.92 kwa sekunde; wanaogawa mita 2,000 kwa sekunde 700 hupata 2.86, na hesabu yao si sahihi, kwa kuwa chombo kilikaa muda mrefu zaidi katika mkondo wa kukipinga. Nusu ya tofauti ya mwendo huo miwili, mita 0.42 kwa sekunde, ni mwendo wa maji ya siku hiyo, nao unafaa kuandikwa daftarini pamoja na saa ya bamvua au maji mafu.